Saa ya mama inasoma 5.4, glukometa inasoma 14: aamini ipi?

Swali: "Shikamoo daktari. Mimi niko Lindi mjini, mama yangu ana miaka 61 anakaa Mtama, ana kisukari mwaka wa tisa huu, anatumia metformin na insulini ya mchanganyiko asubuhi na jioni. Kaka yangu aliyeko Dar kamletea saa janja ya kupima sukari, kainunua 85,000, haitoboi wala haichomi. Mama kaipenda mno maana vidole vyake vimechoka kutobolewa. Sasa saa inasoma 5.4, 5.6, mimi nikimpima na glukometa naona 13, 14. Yeye anasema glukometa ndo mbovu, na siku hizi saa ikionyesha 5 anaruka sindano ya jioni. Usiku anaamka mara nne kwenda kukojoa. Tuamini ipi? Na ile ya kubandika mkononi tunayoiona kwenye video, tumnunulie?"

Marahaba dada yangu, ila nikurekebishe kidogo, mimi sio daktari, ni muuguzi, niko kliniki ya kisukari hapa Mtwara mwaka wa kumi na moja huu, na hili swali nimeshalijibu kwa mdomo mara nyingi sana tangu hizi saa zianze kuingia huku kwetu, leo wacha niliandike lote.

Aamini glukometa, ile mashine ya kutoboa kidole (namba zote hapa ni milimoli kwa lita). Hiyo saa haipimi sukari. Sisemi inapima vibaya, nasema haipimi kabisa, inapiga ramli.

Kabla sijakwambia kwanini, hili la sindano lishughulikie leo hii hii, usisubiri umalize kusoma. Mama arudi kwenye dozi aliyopangiwa kliniki, asubuhi na jioni na chakula chake, asijipunguzie na wala asijiongezee eti kufidia zile alizoruka, halafu wiki hii hii apelekwe kliniki na daftari lake. Kwa Mtama hospitali ya Nyangao ni hapo tu, ukitaka mje Lindi mjini hospitali ya Sokoine sawa pia. Na kama katikati hapo akianza kutapika, tumbo kuuma, kuhema kwa nguvu, kusinzia sinzia hovyo au glukometa ikaandika HI badala ya namba (yaani sukari imepita uwezo wake wa kusoma), hiyo sio ya kusubiri siku ya kliniki, ni hospitali muda huo huo hata kama ni usiku.

Sasa huyo shahidi wako umemtaja mwenyewe bila kujua. Kukojoa mara nne usiku. Figo zina kawaida yake, sukari kwenye damu ikiwa chini ya kama 10 hivi zinairudisha yote mwilini, ikizidi hapo zinashindwa, inaanza kumwagika kwenye mkojo na ikitoka inavuta maji, ndo maana mtu anakojoa sana na kiu haikati. Mwenye sukari 5.4 hana sababu hiyo. Kwahiyo una mashahidi wawili, glukometa na choo, wote wanasema kitu kimoja, na saa iko peke yake.

Mama anasema glukometa mbovu. Inaweza kukosea ndio, hilo simkatalii. Glukometa iliyokidhi kiwango cha kimataifa inaruhusiwa kupishana na maabara kwa asilimia 15 juu au chini, yaani hiyo 14 kwa kweli yaweza kuwa 12 au 16. Ila haiwezi kuwa 5.4 hata iamke vibaya. Labda stripu (vile vipande vya kuwekea damu) zimeisha muda, au kopo limekaa wazi kwenye joto na unyevu wa huku kwetu pwani, hapo ndo mambo mengine. Na labda mikono. Msimu wa korosho mwaka juzi alikuja mama mmoja wa Tandahimba nikampima 21 nikashtuka, namuuliza umekula nini ananiambia sijala kitu tangu jana, namwangalia vidole hivi vinanata, kumbe njiani alikuwa anakamua mabibo ya wajukuu. Nikamwambia akaoshe na sabuni akauke, nikarudia, 9.2. Maji ya bibo yalikuwa bado kidoleni yakapimwa pamoja na damu. Embe nayo ni hivyo hivyo. Spiriti peke yake usiitegemee kuondoa utamu wa tunda, maji na sabuni ndo kazi yake.

Turudi kwenye saa. Miezi kadhaa nyuma baba mmoja alikuja nayo, imemkaa mkononi inang'aa, 5.6. Glukometa 19.4. Akasema kama mama yako, mashine yenu mbovu. Sikubishana nae. Nikaiomba ile saa, nikamvalisha kijana wetu wa maabara ambae hana kisukari, 5.5. Akanywa chai na vijiko vinne vya sukari, baada ya dakika arobaini tukampima kidoleni yuko 8.1, saa inasema 5.6. Nikaona isiwe tabu, kulikuwa na muhogo kwenye mfuko wa mtu pale, nikaufunga saa, ikazunguka zunguka pale ikatafakari, ikaja na jibu: mapigo ya moyo 74, sukari 5.7. Muhogo mbichi wa sokoni. Yule baba akacheka mpaka akakaa chini, halafu akanyamaza kidogo akaniuliza "sasa mimi miezi mitatu yote hii?" Hilo la mwisho ndo lililoniuma.

Inafanyaje? Chini ya saa kuna taa za kijani na nyekundu, zinamulika ngozi na kuangalia mwanga unaorudi. Kwa mapigo ya moyo hiyo ni njia halali, damu inakuja na kuondoka kila pigo mwanga unabadilika, inahesabu (na pakikosekana damu kama kwenye muhogo inahesabu kelele tu). Hatua inahesabu kwa mtikisiko. Ila sukari ni kitu kingine. Chukua mtu mwenye sukari 5, hiyo ni kama gramu 0.9 kwenye lita moja ya damu, na mtu mzima ana damu kama lita 5, kwahiyo sukari yote inayozunguka kwenye damu yake kuanzia utosini hadi unyayoni ni kama kijiko kimoja cha chai. Kimoja. Kimeyeyuka ndani ya maji, protini, mafuta, chumvi, na juu yake kuna ngozi, jasho na manyoya ya mkono. Unataka kitaa cha saa ya 85,000 kitofautishe kijiko kimoja na vijiko viwili kupitia vyote hivyo. Makampuni makubwa ya dunia yenye hela zote zile yanahangaika na hili miaka na miaka hayajaleta saa ya namna hiyo sokoni, iweje iwe imetulia kwenye meza ya fundi simu?

Na zile nilizozishika mimi zinakuuliza kwanza umri, uzito, mara nyingine hata unaiandikia sukari yako ya asubuhi, halafu inakuja na namba karibu karibu na hapo. Huo ni utabiri, na utabiri wenyewe unaegemea pazuri maana mteja anapenda kuona 5.

Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari ya wazi kwamba hakuna saa wala pete yoyote waliyoiruhusu kupima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi, na wakasema hatari yake ni mtu kukosea dozi. Ndo yaleyale ya mama. Hapa kwetu kitu kama hicho ukiuziwa waulize TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, kama kimesajiliwa kama kifaa tiba.

Usije ukadhani hakuna aliyejaribu. Mwaka 2001 FDA iliruhusu saa inaitwa GlucoWatch, ile ilikuwa ya kweli, inapitisha umeme kidogo kwenye ngozi inavuta majimaji na kupima humo. Watu ngozi ziliwasha na kuungua, ukitoka jasho inagoma, na bado ulitakiwa kutoboa kidole ili kuipanga. Baadae ikatolewa sokoni. Na tuseme ukweli, saa inayogoma ukitoka jasho Mtwara mwezi wa kumi na mbili ingefanya kazi saa ngapi?

Sasa hiyo ya kubandika. Hiyo ni sensa (sio ile ya kuhesabu watu) na hiyo ni ya kweli, mimi naiheshimu. Za kwanza za namna hii ziliruhusiwa Marekani 1999, siku hizi majina utakayosikia sana ni FreeStyle Libre ya kampuni ya Abbott na Dexcom. Ni kidude kama sarafu nene hivi, unakibandika nyuma ya mkono wa juu, pale penye nyama chini ya bega. Kinapobandikwa sindano inaingiza uzi mwembamba laini kama nusu sentimita chini ya ngozi halafu sindano inatoka, uzi unabaki. Huo uzi una kimeng'enya kinachokula glukosi, kikila umeme kidogo sana unatokea, sukari ikiwa nyingi umeme unaongezeka, simu inaubadilisha kuwa namba. Kwahiyo ona tofauti, kuna kitu kimeingia mwilini na kimegusa sukari yenyewe. Libre inakaa siku 14 (zipo mpya za 15), Dexcom G7 ya kawaida siku 10, ikiisha unatoa unatupa, hairudiwi, na ukiona mtu anauza iliyotumika mkimbie.

Uzi haukai kwenye mshipa wa damu, unakaa kwenye majimaji yanayozunguka seli. We wa Lindi utanielewa nikikwambia hivi, maji yakianza kujaa baharini kule ndani kwenye mikoko bado, yanachelewa kidogo ndo yanafika. Sukari nayo inaingia kwenye damu kwanza, kwenye hayo majimaji inafika dakika 5 hadi 10 baadae. Sukari ikiwa imetulia huoni tofauti, ila ikiwa inashuka mbio sensa inaweza kusoma 4.8 na damu ishafika 3.6. Ndo maana wenyewe tunawaambia, mwili ukikwambia unatetemeka na jasho la baridi na sensa inasema upo sawa, usiamini sensa, toboa kidole. Kuna na hii nyingine, mtu akilalia ule mkono wenye sensa inabanwa inasoma chini kwa uongo, alamu inalia saa nane za usiku nyumba nzima inaamka mgonjwa mwenyewe yuko 7.

Uzuri wake mkubwa sio namba, ni mshale na mchoro. Glukometa inakupa picha moja, sensa inakupa mkanda mzima, unaona sukari imetoka wapi inaenda wapi. Nilikuwa na mama mmoja wa Masasi, asubuhi kila siku 14, 15, tukawa tunafikiria kumpandishia insulini ya jioni. Ndugu zake wa nje wakamletea sensa moja tu. Siku ya nne tukaangalia mchoro: saa tisa usiku anashuka mpaka 2.9, halafu mwili unapigana unarudisha, asubuhi anaamka juu na kichwa kinauma. Yaani tungempandishia tungemuua. Kumbe jioni alikuwa anachoma dozi yake kamili halafu anakula kidogo sana, kipande cha muhogo na chai ya rangi, kwa kuwa kaambiwa mgonjwa wa sukari asile usiku. Na jingine tuliloliona kwake ni uji. Watu wa huku uji wanauona chakula chepesi cha mgonjwa, mchoro ukaonyesha uji wa asubuhi unampandisha kuliko wali na samaki wa mchana. Mwepesi tumboni ndio, kwenye damu sio mwepesi.

Kwahiyo ningekuwa na hela za kumwaga ningembandika kila mgonjwa. Ila tupige hesabu. Ya siku 14 kwa mwaka ni sensa 26. Bei utakayotajiwa, yoyote ile, izidishe mara 26 halafu ndo ujiulize kama ni ya kwenu. Waulize na watu wa bima yenu wanalipia nini, usikie kwa masikio yako. Simu nayo, kwa Libre ile ya kuskani simu lazima iwe na NFC (ile ya kusoma kitu kwa kukisogelea tu), simu nyingi za bei nafuu hazina, halafu hakikisha programu yake inakubali kwenye simu yenu KABLA hujatoa hela, nimeona watu wamekaa na boksi zima la sensa na simu isiyoongea nayo. Hiyo ya kuskani inatunza kumbukumbu za saa 8 tu, mama akilala simu ikazima chaji na umeme umekatika, kipande cha usiku kinapotea.

Joto ndo huwa nalisemea sana. Boksi limeandikwa nyuzi za kutunzia, nyingi mwisho 25 au 28 au 30, soma lako. Sasa mtu ananunua Dar anaitupia kwenye buti la basi, kilomita mia nne na zaidi hadi Lindi, chini kule panachemka. Shika mkononi, kaa nayo ndani ya basi. Insulini hivyo hivyo na zaidi. Hivi mama anaweka wapi insulini yake? Maana kama iko juu ya kabati chini ya bati, hata akichoma kila siku, hiyo 14 haitashuka. Kama hana friji, chupa ziwe kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, ndani ya chungu kidogo, chungu kikae ndani ya kingine kikubwa chenye mchanga uliolowa katikati, kivulini penye upepo, mchanga usikauke. Mtungi unavyopoza maji ndo hivyo hivyo unapoza dawa.

Nimeenda mbali, nirudi kwa mama.

Sensa ya kudumu mimi naisukuma kwanza kwa watoto na vijana wenye kisukari cha aina ya kwanza, wanaochoma mara nne kwa siku, wajawazito, na wale ambao sukari ikishuka hawasikii dalili. Mama yako kwa haya uliyoniandikia sio wa kwanza kwenye foleni hiyo. Shida yake sasa hivi sio kukosa mkanda mzima, ni kwamba karuka sindano. Nunua stripu. Kopo la 50 likitumika kwa akili linakwambia mengi: siku tatu mfululizo kabla ya kwenda kliniki mpime asubuhi kabla hajala, saa mbili baada ya kifungua kinywa, kabla ya chakula cha mchana, kabla ya cha jioni na kabla ya kulala, na katika usiku mmoja au miwili muamshe saa tisa umpime, hapo ndo kwenye siri za usiku kama za yule wa Masasi. Andika na alichokula pembeni, ugali wa muhogo, ming'oko, wali wa nazi, chochote, usifiche wala usimseme. Ukifika na karatasi hiyo daktari atakupenda. Siku za kawaida mara moja au mbili zinatosha, mnabadilisha saa, leo asubuhi kesho jioni.

Vidole vinauma kwa sababu watu wanatoboa katikati ya ncha. Toboa ubavuni mwa kidole, badilisha vidole, lanseti (kile kisindano cha kutobolea) iwe ya mtu mmoja, na aning'inize mkono chini kwanza damu ishuke. Mama anaweza kuwa ameikimbilia saa kwa sababu hii tu.

Kama kaka yako ana hela na anataka kabisa, basi sensa moja, wiki mbili, itumike kama kupiga picha, sio kama kuvaa maisha yote. Iwe wakati daktari anataka kubadilisha dozi. Mnachotafuta humo sio namba ya saa hii, ni muda mama anaokaa kati ya 3.9 na 10, kwa watu wengi tunataka zaidi ya asilimia 70 ya siku, kwa wazee sana na wanaoshuka hovyo tunalegeza. Kabla hajabandika muulizeni kama anakunywa vidonge vya vitamini C vya nguvu, zile dozi za zaidi ya miligramu 500 kwa siku, maana kwa Libre zinaweza kuipandisha namba kwa uongo. Na Ramadhani ikikaribia mkiwa na sensa ndo itawafaa zaidi, ila hata bila sensa akifunga apime, kutoboa kidole masheikh wengi wanasema hakufunguzi, na akifika chini ya 3.9 au juu ya 16.6 anafungua hapo hapo hata kama imebaki robo saa magharibi.

Akishuka chini ya 3.9 wakati wowote na ana fahamu zake: vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, anywe, subiri dakika 15, pima tena, bado chini rudia. Sukari, sio soda ya dayati. Nimeshakuta hiyo.

Saa yenyewe msiitupe, inahesabu hatua na hatua zinamfaa, ila ingieni kwenye mipangilio mzime hicho kipengele cha sukari, kama hakizimiki mgawie kijana yeyote wa nyumbani. Kaka usimgombeze, katoa 85,000 yake kwa mapenzi na aliyemuuzia alimwapia. Ila mama kwamba saa ni ya uongo usimwambie kwa maneno, hatakubali, ifungeni kwenye muhogo mbele yake. Halafu jioni hiyo hiyo kaa nae ukimuona anachoma, na kesho asubuhi kabla hajaenda popote, mikono imeoshwa na sabuni, mpime, uniandikie umepata ngapi.